Kobe, Ngawa na Kitanda cha Kidawa

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, tairi jipya lilikuwa adimu Mafia kuliko theluji. Theluji angalau watu walikuwa wameisikia kwa waliosoma. Meli za kuleta mipira ya magari ama zilizamishwa, ama zilipelekwa vitani, ama manahodha wake walisahau njia. Kila mtu alikuwa na hadithi yake, na tairi halikuja.

Sheikh Zahor, mwenye minazi kuanzia Utende mpaka karibu na Kiegeani, alikuwa na malori mawili ya kupeleka mbata, nazi zilizokaushwa, ghalani Kilindoni. Moja liliitwa Kobe, kwa kuwa lilikuwa zito kuamka asubuhi. La pili liliitwa Ngawa, kwa sababu ya harufu lililoiacha nyuma. Kobe aliendeshwa na Ussi, mtu wa Utende. Ngawa aliendeshwa na Shaibu wa Kilindoni, aliyekuwa na meno matatu ya mbele na maneno ya watu wanane.

Ulipofika mwaka wa nne wa vita, malori yote mawili yalikuwa yakitembea kwa viraka, na kila kiraka kina kiraka chake. Wako wanaoapa kwamba mpira mmoja wa ndani wa Ngawa ulipokaguliwa ulikuwa viraka vitupu, mpira wenyewe ulishaondoka zamani. Sheikh Zahor akawaita madereva wake barazani.

"Lori moja litavunjwa ili la pili lipate kula," alisema. "Sijui nivunje lipi."

"La Ussi, bwana," alisema Shaibu.

Sheikh Zahor alicheka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na ujanani alipenda mashindano ya punda mpaka mwanawe wa kwanza nusura apewe jina la punda aliyeshinda. "Basi mtashindana. Petroli ya kibali inatosha safari tisa msimu huu. Mtaondoka pamoja Utende, magunia thelathini kila mmoja. Atakayetangulia kwenye mlango wa ghala bila kuangusha gunia, safari hiyo ni yake. Atakayefikisha tano, lori lake litabaki, na usukani ni wake. Mwingine," akaonyesha kwa kidole vilele vya minazi, "hatakosa kazi. Wakwezi hawanitoshi."

Walipoinuka akawarudisha. "Na sharti moja. Gari liende kama lilivyo. Kila kilichomo kiwe changu, kimetoka kwangu. Mtu akitia chake katika lori langu, kesho atasema lori ni letu sote."

Ussi hakulala vizuri tangu siku ile. Mnazi aliufahamu. Alikuwa ameukwea miaka kumi na minne, na kifuani alikuwa na sugu pana kama kiganja, mahali shina lilipokuwa likimsugua. Baba yake naye alikuwa mkwezi. Siku moja baada ya mvua alipanda kama kawaida, akateremka haraka kuliko desturi. Ussi ndiye aliyemwokota. Tangu apewe usukani, miaka saba kabla ya vita, Ussi hakuwa amepanda hata ngazi ya dari. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na akitazama juu kizunguzungu kilimkuta akiwa amekaa kitini.

Msimu ukaanza. Safari ya kwanza ya Shaibu, ya pili ya Ussi. Ya tatu Shaibu alishinda kwa urefu wa boneti. Ya nne Ussi alishinda kwa urefu wa ng'ombe, maana kweli palikuwa na ng'ombe katikati yao. Njia ilikuwa mchanga na mawe ya matumbawe, nyembamba kama mkono wa bahili, na pa kupitana palikuwa mahali pamoja tu, pale uwandani Kiegeani. Kwingine kote, aliye nyuma alikula vumbi, na aliye mbele alimtolea kichwa dirishani akamwambia, "Njia ni ya aliye mbele." Ndiyo ikawa salamu yao.

Kila Alhamisi watu wa Kiegeani waliacha majembe wakaja kukaa kando ya njia. Inasemekana kuku wao walitaga mayai yaliyokwisha kukorogwa, na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliyepitwa na malori yote mawili alifika msikitini na kanzu ya rangi ya chai, akaulizwa jina. Hata afisa wa Kiingereza bomani aliandika kwamba hajapata kuona raia wanaochapuka hivyo kupeleka mbata kwa ajili ya ushindi. Safari ya nane ilipomalizika, kila mmoja alikuwa na nne.

Jumatatu kabla ya safari ya tisa, Ussi aliyakuta matairi mawili ya nyuma ya Kobe yamelala. Mipira ya ndani ilikuwa imekufa. Haikuwa pancha, ulikuwa uzee: ukiigusa ilibaki vidoleni kama mkate uliolowa. Alisimama akaitazama. Kisha akatazama juu, akajuta.

Alipofika nyumbani, mkewe Biubwa alikuwa uani akipiga makumbi, yale maganda ya nje ya nazi.

Kule Utende palikuwa na desturi ya zamani kuliko hati za mashamba: nazi ya mwenye shamba, kumbi la mwanamke. Wanaume wakishafua nazi za tajiri, makumbi yalibaki hayana mwenyewe mpaka mwanamke ayabebe. Aliyapeleka pwani, akayafukia katika shimo lake kwenye tope linalofunikwa na maji yakijaa, akapanga mawe juu. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kugusa la mwenzake, hata mwizi wa kuku. Baada ya miezi tisa aliyafukua yakiwa na harufu ya kumhamisha shetani, akayapiga kwa gongo mpaka zikabaki nyuzi safi za usumba, akasokota kamba. Kwa kamba hizo wanawake wa Utende walivaa kanga ambazo hakuna mume aliyeombwa.

Usumba wa Biubwa mwaka huo ulikuwa wa kitanda. Binti yao Kidawa alikuwa ameposwa Kilindoni, na mama ndiye anayesuka kitanda cha bintiye kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Bi arusi akilalia kamba ya dukani, wakwe husema ametoka nyumba isiyo na mikono.

"Mama Kidawa," alisema Ussi, akanyamaza.

"Ukinyamaza hivyo unataka kitu."

"Kobe amekufa miguu ya nyuma."

"Mzikeni."

"Nikiyajaza matairi usumba, nikaushindilia ukashika, atakwenda. Lisilo na upepo halipati pancha."

Biubwa aliendelea kupiga. "Hiki ni kitanda cha mwanao."

"Utafukia mengine."

"Arusi ni mwezi ujao. Makumbi yanataka miezi tisa. Magari yamekusahaulisha kuhesabu?"

Ussi alitazama miguu yake. "Nikishindwa Alhamisi, nitarudi juu."

Gongo likasimama hewani. Biubwa alikuwepo siku mkwewe alipoletwa nyumbani amelazwa juu ya ubao wa mlango. Alilaza gongo chini polepole, akaufuta usumba mapajani.

"Chukua," alisema. "Lakini sikiliza, Baba Kidawa. Huu ni wangu. Ukiulizwa, sema nimekupa mimi. Kitu cha mwanamke kikikosa jina lake siku moja, siku ya pili kina jina la mtu mwingine."

"Nimesikia."

"Sitaki kusikia. Nataka useme."

"Ni wako. Nikiulizwa nitasema umenipa wewe."

Siku mbili Ussi alishindilia usumba kwa mpini wa shoka, akiumwagia maji ya chumvi ili uvimbe na kukaza. Sharti la Sheikh Zahor lilimjia akilini akiwa amefika nusu ya tairi la pili. Akajiambia tairi halina dirisha, akaendelea.

Alhamisi malori yalisimama bega kwa bega, magunia thelathini na thelathini. Shaibu alichomoza kichwa. "Mkwezi, nimekutafutia kamba ya miguuni. Bado ngumu kidogo, lakini ukipanda mara mbili tatu italainika."

"Ijaribu wewe kwanza," alisema Ussi. "Nisije nikapewa inayobana."

Wakaondoka. Ngawa alitangulia kwa kishindo, na Kobe akafuata akidunda. Gari lisilo na upepo halimbembelezi mtu. Ussi aliruka kitini kama bisi chunguni. Kofia ilimuaga mapema, na meno mawili yaliyokuwa yamelegea tangu mwaka wa njaa yalikazwa na mtikisiko ule, akafa nayo mzee. Lakini alikuwa akienda. Alipita juu ya mawe ambayo Shaibu aliyazunguka, na kila alipopita juu ya jiwe alimwona mkewe na gongo lake.

Kiegeani, uwandani hasa, Ngawa alipiga pancha. Mlio wake ulifika Chole, na huko mtu mmoja alijitupa chini akidhani vita vimefika. Shaibu alikuwa chini kabla gari halijasimama vizuri. Aliziba pancha ile kwa dakika nane, kazi ambayo mwingine humchukua asubuhi nzima, lakini dakika nane zilimtosha Kobe. Ussi alimpita akiwa amepiga magoti, akatoa kichwa dirishani.

"Njia ni ya aliye mbele."

Toka hapo Ngawa alimjia nyuma akipiga honi kama bata aliyekanyagwa. Pa kupita hapakuwapo. Ussi aliona mabati ya ghala, akaona kiti cha Sheikh Zahor mlangoni na saa yake ya mfukoni iking'aa, akafunga breki miguuni pa bwana wake. Magunia yakahesabiwa: thelathini. Wachukuzi wakapiga vigelegele kama wanawake. Ussi aliteremka, akakaa mchangani akicheka peke yake.

Shaibu alifika, akaliacha lori lake linanguruma, akaenda moja kwa moja nyuma ya Kobe. Akainama. Mawe ya njiani yalikuwa yamelichana tairi moja ubavuni, na penye mchano ule nyuzi za rangi ya dhahabu zilikuwa zimechomoza.

"Bwana," alisema, "njoo umtazame Kobe. Ameota ndevu."

Sheikh Zahor alikuja bila haraka. Alivuta nyuzi chache, akazinusa, akazisugua kati ya vidole. Wachukuzi walikusanyika. Miongoni mwao alikuwapo bibi Somoe, mwanamke mtu mzima wa Utende, aliyekuja na mzigo wa kamba kuwauzia mabaharia gatini.

"Usumba," alisema Sheikh Zahor. "Na umebeba magunia thelathini mpaka hapa."

"Ndiyo, bwana," alisema Ussi, na kwa kitambo kidogo alijiona fundi.

"Wa nani?"

Shaibu akawahi. "Wa mkewe, bwana. Utende nzima inajua Biubwa anasokota kitanda cha arusi. Na wewe ulisema kila kitu kiwe chako."

"Nimemuuliza yeye." Sauti ya Sheikh Zahor haikupanda hata kidogo. "Ussi, kama usumba ni wa mkeo, umetia kitu cha mtu katika lori langu, na safari ni ya Shaibu. Kama ni wangu, safari ni yako. Mimi sijui. Wewe ndiye ujuaye."

Ussi alifumbua kinywa. Jina la mkewe lilikuwa pale pale, ulimini. Nyuma ya ghala palikuwa na minazi, na juu ya mmoja alikuwapo mkwezi akiangua. Nazi ikaanguka: kishindo kimoja kizito mchangani. Ussi alikijua kishindo kile. Kinafanana sana na cha mtu, ila cha mtu hakidundi.

"Ni wako, bwana," alisema. "Kumbi limetoka katika nazi yako. Mnazi ni wako."

Sheikh Zahor alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba yake ambao hakuwa akiujua. "Na hayo wanawake waliyoyafukia pwani?"

Swali hilo Ussi hakulitarajia. Aliangalia huku na huku. Macho yake yakakutana na ya bibi Somoe, akayaondoa haraka.

"Nayo," alisema. "Nayo yametoka minazini kwako."

"Mmesikia," Sheikh Zahor aliwaambia wachukuzi, kwa upole, kama anayewakaribisha chakula. Kisha akampa Ussi mkono mbele ya watu. "Usukani ni wako."

Bibi Somoe aliutwika mzigo wake kichwani. Hakuuza hata kamba moja. Alishika njia ya Utende kwa miguu, mzee yule, na Ussi alipolala Kilindoni kupumzisha injini na kupongezwa, habari ilikuwa ikitembea. Alipofika nyumbani kesho yake, ilikuwa imeshaingia, imeshakaa, imeshakunywa maji.

Biubwa alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Umeshinda," alisema.

"Nimeshinda."

"Uliulizwa?"

Ussi alieleza. Alieleza juu ya Shaibu na sharti, alieleza juu ya nazi iliyoanguka, na kwamba ni maneno tu ya kumridhisha tajiri, na maneno hayaondoi jiwe juu ya shimo. Biubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauinua ungo, akaupuliza, makapi yakamwendea Ussi usoni.

"Sikukwambia useme mengi," alisema. "Lilikuwa neno moja."

Haikupita wiki amri ikatoka. Matairi yaliyojazwa yangeweza kutembea mpaka vita viishe, na wenye mashamba wa Kirongwe nao walikuwa wameshaulizia. Makumbi yote yaletwe kwa Sheikh Zahor, ya shambani na ya pwani. Mwanamke atakaye, aje ayapige pale pale uani kwa kibarua cha kutwa. Hakuna anayefukuzwa, alisema Sheikh Zahor. Kazi ipo.

Ngawa alivunjwa. Shaibu alipewa kamba ya miguuni, na akapanda. Na mzigo wa kwanza wa Ussi akiwa dereva wa pekee wa Sheikh Zahor haukuwa mbata. Alitumwa pwani ya Utende, maji yakiwa yametoka, na vibarua wanne wenye majembe.

Wanawake walikuwa wamekaa ukingoni, kila mmoja juu ya shimo lake. Hakuna aliyetukana. Ussi alikuwa amejiandaa kutukanwa, akakosa pa kuyaweka majibu yake.

"Shikamoo, bibi Somoe," alisema.

Bibi Somoe hakusema marahaba. Aliinuka, akajipangusa tope. "Hilo la kwanza ni la marehemu dada yangu," alimwambia kibarua, si Ussi. "Mengine ndani yake hayajaiva. Chimba taratibu usiyavunje."

Shimo la Biubwa lilikuwa la mwisho. Alikuwa ameyafukia makumbi mapya siku tatu tu baada ya kumpa mumewe usumba. Aliyaondoa mawe yeye mwenyewe, moja moja, akayatia mawe yale kangani yakiwa yamelowa, akayabeba. Ussi alimuuliza anayapeleka wapi.

"Haya hayakutoka mnazini," alisema Biubwa.

Kuhusu kitanda, Sheikh Zahor hakuwa mtu wa kusahau. Alipeleka bunda la kamba nzuri ya katani, zawadi ya bi arusi. Ussi alililaza mlangoni kwa fahari kidogo. Asubuhi hakulikuta. Lilirudishwa lini kwa tajiri, na nani, hakuambiwa. Alichokiona, alipopita kwa bibi Somoe, ni kitanda uani, na wanawake wamekizunguka. Kila mmoja alikuwa ametoa kipande cha kamba kilichombakia ndani, cha ndoo, cha mbuzi, cha kuanikia nguo, na Biubwa alikuwa akiviunga na kuvisuka. Kitanda kilikuwa na vifundo vingi kuliko nyavu. Alipokaribia, mazungumzo yalikoma, mikono ikaendelea.

Siku ya arusi Ussi aliamka mapema. Alimwosha Kobe mpaka rangi yake ya zamani ikaonekana, akafunga makuti mabichi huku na huku, akatandika mkeka nyuma. Sheikh Zahor alikuwa amempa ruhusa na galoni mbili. Hapakuwa na msichana wa Utende aliyewahi kupelekwa kwa mumewe kwa gari. Ussi alikuwa ameiwaza siku hiyo tangu Kidawa ana miaka saba, akimpandisha usukani na kumwacha apige honi.

Alileta lori mlangoni. Kidawa alitoka amefunikwa gubigubi, mamake amemshika mkono. Wakalipita lori kama linavyopitwa jiwe. Punda alikuwa akingoja chini ya mti wa mkungu.

"Mama Kidawa," alisema Ussi. "Ni safari ndefu. Jua litamchoma mtoto."

"Kitanda chake kiko chini ya gari lako, matairini," alisema Biubwa, akimpandisha binti juu ya punda. "Hawezi kukipanda kichwani."

Msafara ukaondoka, wanawake wote wa Utende, kitanda chenye vifundo vichwani mwa wanne wao. Ussi akawasha lori akafuata. Baba hawezi kukosa arusi ya mwanawe, na njia ilikuwa moja.

Alikwenda nyuma yao mwendo wa punda. Kobe alipata moto, akatoa moshi, akanguruma kwa gia ya kwanza. Watoto walizoea kukimbia mbele yake wakishangilia. Siku hiyo mama zao waliwashika mikono. Walipofika Kiegeani, uwandani, pale pekee panapopitika, wanawake wakatawanyika bila mtu kuwaambia, upande huu mpaka upande ule, wakijaza njia yote. Ussi alipiga honi mara moja, kidogo tu.

Biubwa hakugeuka.

"Njia ni ya aliye mbele," alisema.

Bibi Somoe akalipokea neno, akalitia sauti, na wenzake wakalipigia makofi, mpaka likawa wimbo wa arusi. Waliuimba uwanda mzima.

Juu ya mnazi mmoja kando ya njia palikuwa na mtu. Aliacha kuangua akatazama, kisha akaita kwa ile sauti ya Shaibu, mtu wa maneno ya watu wanane.

"Ussi. Safari ya kumi anaongoza nani?"

Ussi hakuinua kichwa, kwa sababu ya kizunguzungu. Alirudisha gia ya kwanza iliyokuwa imechomoka, akalifuata vumbi la punda mpaka Kilindoni.